VPN ya ofisini kwa komandi: ufunguo wa siri usitoke kwenye kompyuta yako

Watumishi wengi siku hizi mnafanya kazi mkiwa nyumbani au safarini, na ili ufike kwenye seva za ndani lazima upite VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Wenye Linux ndo mnakwama sana mkitafuta kitufe cha kubonyeza, kumbe WireGuard, programu ya VPN tunayotumia, ni komandi chache tu kwenye terminali (dirisha la kuandika komandi), tena tangu Machi 2020 imo ndani ya keneli (kiini) ya Linux yenyewe kuanzia toleo la 5.6.

Kwenye Ubuntu au Debian anza na sudo apt install wireguard. Halafu andika umask 077, hii usiiruke hata kama haionyeshi chochote, ndo inafanya mafaili yatakayofuata yasomwe na wewe peke yako. Kisha:

wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Hapo umepata funguo mbili. Jamani tunaomba sana, wa kututumia ni ule wa wazi tu. Wengine wanataka sisi wa TEHAMA tuwatengenezee zote mbili tuwatumie WhatsApp, tunakataa na tutaendelea kukataa, kwa sababu WireGuard haiulizi jina wala paswedi, yeyote mwenye ufunguo wako wa siri mbele ya seva yeye ndo wewe.

Sisi tutakurudishia ufunguo wa wazi wa seva, anwani yake na IP yako (namba ya kompyuta yako ndani ya VPN), unaviweka kwenye faili la /etc/wireguard/wg0.conf pamoja na ufunguo wako wa siri. Mstari wa AllowedIPs uangalie vizuri. Ukiandika 0.0.0.0/0 kila kitu kinapita kwetu mpaka katuni za watoto, ukiandika mtandao wa ofisi peke yake inapita kazi tu, na hii ndo tunayoshauri, labda uwe kwenye waifai ya hoteli ndo uweke ile ya kwanza. Wa hotspoti ya simu ongeza PersistentKeepalive = 25, la sivyo ukikaa kimya mtandao wa simu unaifunga njia na seva haikupati mpaka uanze wewe.

Washa: sudo wg-quick up wg0. Sasa hapa ndo wengi wanadanganyika, komandi ikipita bila kulalamika haimaanishi umeunganishwa, hata seva ikiwa imezimwa itapita vilevile maana inatengeneza njia upande wako tu. Fungua ukurasa wowote wa ndani halafu andika sudo wg show, tafuta mstari wa latest handshake (salamu ya mwisho kati yako na seva), ukionyesha sekunde au dakika moja mbili basi umeingia. Kama haupo, hakikisha ufunguo haukukatika ulipoukopi, unatakiwa uwe na herufi 44 na uishie na alama ya =. Inawezekana pia mtandao uliopo umefunga UDP, aina ya usafirishaji data ambayo WireGuard inaitumia, sisi tunatumia mlango (port) 51820. Na angalia saa! Laptop ya zamani ambayo betri ya saa imekufa ikiwaka inarudi miaka ya nyuma, na seva inakataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ile ya mwisho iliyopokea.

Laptop ikiibiwa au ikipotea tupigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kubadilisha paswedi ya imeili hakusaidii hapa, mpaka sisi tuufute ufunguo wako wa wazi kwenye seva ndo aliyeichukua anakosa njia.