Waipa zikigoma kwenye gari kuukuu, usikimbilie kulaumu mota

Masika yakianza Dar es Salaam, kwa mafundi umeme hujaa magari yenye ugonjwa mmoja: waipa hazichezi. Na wengi tunafika pale na jibu tayari mdomoni: "Mota imekufa, nitafutie ya mtumba." Nami nilifika hivyo na Corolla 110. Nikanunua mota, ikafungwa, waipa zikabaki zimelala vilevile. Kumbe mota ya zamani ilikuwa nzima. Kilichochomoka ni kikombe kidogo cha plastiki chini ya kioo. Tangu siku hiyo siitangazi mota kuwa imefariki kabla sijaisikiliza.

Kusikiliza kwenyewe ni hivi. Fungua boneti, mwambie mtu aweke ufunguo ON na awashe waipa. Ukisikia mota inanguruma na waipa hazisogei, mota iko hai. Yenyewe huzunguka upande mmoja tu, na ule mzunguko hugeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi na mkono mfupi pamoja na fimbo za chuma, ambazo mafundi huziita linkeji. Fimbo hizo zimeungana kwa gololi za chuma zilizoingia ndani ya vikombe vya plastiki. Plastiki iliyopigwa na joto la injini na jua kwa miaka zaidi ya ishirini hulika, kikombe kikaachia. Ukikipaka grisi na kukibana kwa koleo kinarudi, ila kikiwa kimelika sana kitaachia tena siku ya mvua kubwa.

Kuna wanaosema pia mota ni mbovu pale waipa moja inapocheza na nyingine imelala. Haiwezekani: katika magari mengi mota ni moja na inasukuma zote mbili. Inua kile kifuniko cha plastiki kwenye shina la mkono wa waipa, utakuta nati. Ikilegea, shafti, yaani kile chuma kinachouzungusha mkono, huzunguka peke yake ndani ya mkono na kusaga meno yake. Ziache kwanza waipa zirudi mahali pake pa kulala, ndipo ukaze. Meno yakishaisha, kukaza hakusaidii. Tafuta mkono mwingine.

"Fyuzi inaungua kila mara, weka kubwa zaidi."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Nimeona fyuzi ya kijani, ya ampea 30, imechomekwa mahali ambapo kifuniko cha kisanduku kimeandikwa 20, yaani ile ya njano. Nimeona hata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa kulinda waya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujapata moto. Ukiweka kubwa, waya ndio unaogeuka fyuzi, na waya huo umepita nyuma ya dashibodi, karibu na magoti yako.

Fyuzi ikikatika inakueleza kuwa kuna mzigo mzito au waya uliochubuka na kugusa bodi. Tenganisha mkono wa mota na linkeji, uiwashe mota peke yake. Ikizunguka vizuri na fyuzi ikabaki salama, mzigo uko kwenye shafti zinazotokeza chini ya kioo. Zizungushe kwa mkono: zinatakiwa ziende laini. Kwenye magari ya zamani hushika kutu, mota ikawa inasukuma chuma kilichoganda. Hii ndiyo sababu pia ya waipa kwenda polepole kama zimechoka. Zifungue, safisha kutu, tia grisi. Ikiwa fyuzi inakatika hata mota ikiwa peke yake, hapo sasa ishuku mota na nyaya zake.

Ukilaza gari chini ya mwembe, funua pia plastiki iliyo kati ya boneti na kioo. Majani huziba matundu ya kutolea maji, maji yakatuama, na kutu ikaanzia hapo.

Waipa zinazosimama katikati ya kioo ukizima husingiziwa swichi ya kwenye usukani. Lakini unapozima, swichi haikati umeme palepale. Kuna waya mwingine unaoendelea kuilisha mota mpaka waipa zifike chini, na anayeukata ni sahani ya shaba inayozunguka na gia ndani ya mota. Sahani hiyo ikichafuka au kulika, umeme hukatika popote. Kabla ya kununua swichi, fungua kifuniko cha gia, safisha sahani na vidole vinavyoigusa kwa msasa laini.

Kasi ndogo ikifa na kubwa ikabaki, usilichukulie kuwa jambo la kuvumilia. Mota nyingi za aina hii zina kaboni tatu, vile vipande vinavyopitisha umeme kuingia ndani ya mota, moja ni ya kasi kubwa na nyingine ya kasi ndogo. Chomeka taa ya kupimia kwenye soketi ya mota: umeme wa kasi ndogo ukifika, kaboni imeisha, usipofika, rudi kwenye swichi na nyaya.

Na tafadhali, mpira wa waipa uliokauka usiupake dizeli wala mafuta ya taa. Hulainika siku mbili, kisha huvimba na kuacha michirizi. Mpya ukikwaruza, osha kioo kwanza, maana utando wa mafuta ya barabarani hausikii maji matupu.

Wapo wanaosema waipa zikifa safarini, sugua tumbaku ya sigara kwenye kioo, utafika. Maji hutawanyika kidogo, ni kweli, na mchana kwa mwendo wa pole unaweza kusogea mpaka mahali salama. Lakini usiku, ukiteremka mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, huku mvua inanyesha, taa za lori linalopanda hukigeuza kioo chote kuwa weupe mtupu. Kabla ya kuufikia mteremko ule, toka kabisa nje ya barabara, washa taa za hazadi, subiri mvua ipungue.