Hadithi ya kushika, kunusa na kungoja: kumsimulia mtoto mwenye ulemavu mkubwa sana wa akili

Swali ninaloulizwa sana na wazazi kwenye kitengo chetu ni hili, "sasa huyu nimsimulie hadithi ya nini wakati hata jina lake haliitikii?" Huwa sibishani nao. Mtoto mwenye ulemavu wa akili wa kiwango cha juu kabisa, ambaye mara nyingi anakuwa pia na mtindio wa ubongo, kifafa, na shida ya kuona au kusikia juu yake, ukimsomea maneno matupu kwenye kitabu ni kama kelele tu inapita. Ila hadithi sio maneno peke yake jamani. Hadithi inaanza, inapanda, inakushtua kidogo halafu inatulia, na huo mwendo mtoto anaweza kuupata kwa ngozi, kwa pua, kwa masikio na kwa mwili mzima hata kama hajashika neno hata moja.

Ndio tunaita hadithi ya milango ya fahamu. Sentensi chache, tano mpaka nane zinatosha kabisa, na kila sentensi ina kitu chake cha kugusa au kusikia au kunusa au kuangalia. Sio jambo la jana, Uingereza kuna shirika linaitwa Bag Books lilianzishwa 1993 kwa kazi hii hii, na kule Dundee, Uskoti, shirika la PAMIS limefanya hadithi za kumtengenezea mtu mmoja mmoja, hata za mambo nyeti kama kubalehe. Huhitaji vifaa vyao lakini. Unahitaji begi, vitu vya nyumbani na subira, na hiyo subira ndiyo inayowashinda watu wengi, nitarudi hapo.

Chukua hadithi ya mvua. "Upepo ukaanza kuvuma", unachukua kipande cha katoni unampepea taratibu usoni. "Mbingu ikanguruma", unapiga ngoma ya ndoo ya plastiki, na usiipigie hewani, iegemeze kwenye meza ya kiti chake cha magurudumu au kwenye miguu ili mtikisiko umfikie hata kama masikio hayafanyi kazi vizuri. "Tone likadondoka", tone moja la maji nyuma ya kiganja, moja tu. "Tukakimbia tukajificha", unamtikisa kwenye kiti mbele nyuma kidogo halafu mnajifunika kitambaa kizito wote wawili, giza. "Jua likatoka", unafunua, unawasha tochi nyuma ya kitambaa cha njano na unamwekea taulo lenye joto kwenye mapaja. Imeisha hadithi. Hapo umegusa mpaka ile milango ambayo wengi hawaihesabu, yaani ule wa sikio la ndani unaomwambia mtu kwamba anasogea, na ule wa misuli na viungo unaomwambia mwili wake uko wapi, kwa mtoto asiyetembea hiyo miwili ni nadra sana kupata chakula.

Sasa subira. Ukishaleta kitu, nyamaza. Usiseme "umeona? umeona mvua? eeh umeona?" maana kwa mtoto huyu taarifa inasafiri polepole, inafika, inachambuliwa, halafu ndio mwili unatafuta namna ya kujibu, na ukimwita jina katikati umemrudisha mwanzo. Hesabu kumi kimoyomoyo, pole pole, na kwa wengine hata nusu dakika haitoshi. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naharibu hapa, kuna mtoto mmoja nilikuwa namsomea hadithi ya vipande vinane kwa dakika nne, nafurahi nimemaliza, siku mwenzangu akanirekodi kwa simu (kwa ruhusa ya mama yake) tukaja kuangalia tukakuta kila mara mtoto anageuza kichwa kutafuta kitu, mimi nimeshakirudisha kwenye begi. Niliona aibu hiyo siku.

Na usibadilishe. Maneno yaleyale, sauti ileile, mpangilio uleule, mara mbili tatu kwa wiki kwa wiki kadhaa, tena anza na kawimbo kafupi kamoja ambako hukatumii mahali pengine popote ili kwake kawe ndio mlango wa hadithi. Mtu mzima anachoka siku ya nne anaanza kupamba, anaongeza radi nyingine, anaruka tone. Usiruke tone. Kwa sababu utamu wenyewe uko kwenye kujua kinachokuja, na huwezi kujua kinachokuja kama kila siku kinakuja kingine. Nimeona mtoto ambaye kila mtu alisema hajui chochote, wiki ya nne hivi, nimeishika ndoo sijaigonga bado, akabana pumzi. Akabana kabisa. Nilipopiga akaiachia. Huyo alikuwa ameshajua radi inafuata, sasa mtu aniambie hadithi haikuingia.

Majibu yenyewe ndio yako hivyo, madogo. Usisubiri tabasamu. Angalia pumzi imebadilika, vidole vya mguu vimejikunja, jicho limepanuka, mdomo umefunguka, au aliyekuwa anapiga kelele ametulia ghafla, na kutulia huku watu wengi wanakusoma vibaya wanasema amechoka kumbe ndio anasikiliza. Andika kwenye daftari, baada ya wiki kadhaa utaona yanayojirudia. Na akisukuma, akigeuza uso, akikunja mkono, hilo nalo ni jibu, amesema hapana, kitoe. Usimshike mkono kwa nguvu ukaupeleka kwenye kitu, weka mkono wako chini ya wake ushike wewe kwanza, yeye afuate akitaka na atoke akitaka. Kuna watoto viganja vyao havivumilii kabisa kuguswa, anzia nyuma ya mkono au kwenye mguu.

Kuhusu kuona, wengi wao macho ni mazima ila ubongo ndio unashindwa kuisoma picha. Kwa hao kitu kimoja cha rangi kali, nyekundu au njano, juu ya kitambaa cheusi kisicho na maua, ukikisogeza taratibu wanakipata vizuri kuliko picha nzuri ya rangi kumi. Na akiangalia pembeni huku umeshika kitu usikasirike, wengine hawawezi kuangalia na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Harufu nayo ina nguvu yake, iko karibu sana na sehemu za ubongo za kumbukumbu na hisia, lakini pua inazoea upesi, kwa hiyo harufu moja kwa hadithi moja basi, ipitishe ipite usiiache hapo. Manukato makali ya chupa mimi nayaepuka, mwenye pumu atapata shida.

Kabla ya yote hayo muweke vizuri. Mtoto anayepigana na shingo yake isianguke hana nguvu ya kusikiliza, na aliyetoka kumeza dawa ya kifafa huenda anasinzia tu, sio kwamba hadithi yako mbaya. Taa za kumetameta achana nazo, mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayoweza kumwanzishia degedege mwenye kifafa kinachochokozwa na mwanga. Usimtie chochote mdomoni kwa ajili ya hadithi mpaka mtu anayejua namna anavyomeza akuruhusu, wengi wao chakula kinaweza kupotea njia kikaingia kwenye mapafu, hata matone mawili ya juisi.

Umri je? Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu zinazoanza kuota kumfanyia hadithi ya vifaranga kila siku mimi binafsi sipendi, mpe ya safari ya pikipiki, ya kinyozi, ya mpira wenye kelele za uwanjani. Ila kama vifaranga ndio vinamfanya abane pumzi, mwachie vifaranga vyake.

Mwisho begi lisiwe lako peke yako. Dada yake, babu, mwalimu, yeyote aweze kulichukua akasimulia vilevile, kwa hiyo kila sentensi iandike kwenye kadi yake na kitu chake uandike nyuma. Sisi kwenye kadi zetu baada ya kila sentensi tuliandika NGOJA kwa kalamu nyekundu, tukaona watu bado wanapita tu, siku hizi tunaiandika mara mbili.