Vitanda 80 havitoshi wagonjwa 80

Tuchukue hospitali inayopokea kwa wastani wagonjwa 10 wa mlipuko wa ugonjwa kila siku, na kila mmoja analazwa wastani wa siku 8. Kumi mara nane ni 80: ndio wastani wa wagonjwa waliolazwa kwa wakati mmoja. Mganga mkuu akiandaa vitanda 80 ataona amemaliza kazi, kumbe karibu siku moja katika kila mbili wagonjwa watazidi vitanda. Wagonjwa hawaji kumikumi. Jumatatu wanakuja 5, Jumanne 16; huyu anaruhusiwa siku ya tatu, yule anakaa 20. Ili nafasi ipatikane siku 19 katika kila 20, hospitali hiyo inahitaji vitanda kama 95.

Hesabu hiyo bado ni nyepesi. Mlipuko unapopanda na kushuka, huku oksijeni na wahudumu vikipungua, sisi tunaokadiria mahitaji ya hospitali tunatumia uigaji wa kompyuta. Programu inajenga hospitali ya kufikirika, inapitisha wagonjwa mmoja mmoja kwa miezi kadhaa, kisha inaanza upya, hata mara elfu, kila mara bahati ikibadilika. Mwishoni tunazitafuta siku mbaya: ni mara ngapi mgonjwa alikosa kitanda, na alisubiri saa ngapi.

Majibu yanategemea takwimu unazoingiza. Machi 2020, wataalamu wa chuo kikuu cha Imperial College London walikadiria kwamba UVIKO-19 ikiachwa isambae bila kuzuiwa, mahitaji ya vitanda vya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, nchini Uingereza yangefikia zaidi ya mara 30 ya uwezo uliokuwepo. Kilichowafanya wasisitize hatua kali ni takwimu mpya za wagonjwa wa ICU kutoka Italia na Uingereza kwenyewe, zilizowafikia siku chache tu kabla ya ripoti kutoka.

Tarehe 3 Aprili mwaka huohuo, London ikafungua hospitali ya dharura ya Nightingale ndani ya ukumbi wa maonyesho wa ExCeL. Ilipangwa iweze kufikisha vitanda 4,000. Wimbi la kwanza lilipita ikiwa imehudumia wagonjwa wasiozidi 60. Watu walikuwa wamezuiwa kutoka majumbani, na hospitali za kawaida zilikuwa zimepanua ICU zao. Lakini mimi funzo ninalolishika zaidi ni la manesi. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji nesi wake muda wote. Wiki ina saa 168. Nesi akifanya kazi saa 40, kitanda kimoja kinahitaji zaidi ya manesi wanne, kabla hujahesabu likizo wala walioambukizwa. Kitanda kisicho na nesi sikiingizi kwenye hesabu zangu.

Ndiyo maana nikienda kuomba takwimu naanza kwa nesi kiongozi wa wodi. Namuuliza mgonjwa ameondoka kitandani saa ngapi hasa. Daktari ameandika ruhusa saa 3 asubuhi, lakini mgonjwa anasubiri dawa, bili na ndugu wa kumchukua, na kitanda kinasafishwa saa 12 jioni. Kwa saa 9 hizo daftari linasema kuna nafasi, wakati nafasi haipo. Wagonjwa 10 wakichelewa hivyo kila siku, hospitali yetu ya mwanzo inapoteza karibu vitanda 4.