Hata ufomati mara kumi, MBR itabaki MBR

Hii ni wiki ya tatu mfululizo naletewa mashine ambayo imeshaandikiwa kifo na fundi mwingine. Jumamosi asubuhi hata sijamaliza kuinua shata, mama mmoja mwalimu akaingia na Dell Latitude E6430 ndani ya kiondo, imefungwa leso kama mtoto mchanga. "Fundi, nimeambiwa madabodi imeenda, nitoe elfu sita na mia tano ama nitafute ingine." Nikamuuliza, mama, ilianza aje? Akasema ilikuwa inaganda ganda tu, akaipeleka iwekwe Windows upya, na huko ndio ikakataa. Imefomatiwa mara tano, imekataa mara tano, kwa hivyo ni madabodi.

Hiyo "kwa hivyo" ndio imenifanya niandike hii kitu.

Nimeiwasha, imewaka. Biosi (programu ya kwanza kuamka ukiwasha) inaona ramu yote, inaona diski, feni inazunguka, kibodi inajibu. Sasa mtu anieleze, hiyo ni maiti ya aina gani? Nikachomeka flashi yangu yenye Windows, nikaenda hatua kwa hatua hadi pale unachagua partisheni (kipande cha diski), na ule ujumbe ukatokea pale chini: hii diski ina jedwali la MBR, na kwa mfumo wa EFI Windows inawekwa kwa diski ya GPT tu. (MBR ni mtindo wa zamani wa kugawa diski, GPT ni mpya; EFI ama UEFI ni njia mpya ya mashine kuwaka, Legacy ni ya zamani.) Mashine imesema yenyewe inaumwa wapi! Haijasema madabodi. Haijasema nifomati. Lakini watu wakiona herufi nyingi kwa skrini wanafunga macho na mkono unaenda moja kwa moja kwa kitufe cha fomati.

Basi tuongee kuhusu fomati juu hapo ndio moto wangu uko. Ukifomati C, ile partisheni ya Windows, umefuta mafaili ya partisheni moja na kuiandaa ipokee mengine, basi. Lile jedwali linalosema partisheni ngapi ziko na kila moja inaanzia wapi halijaguswa, liko nje ya C, na kwa MBR linakaa kwa sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512, mtindo uliokuja na DOS 2.0 mwaka wa 1983. Ni kama ploti. Unaweza kulima ploti yako hadi ufike kwa mwamba, bikoni hazitasonga hata inchi moja. Kufomati mara tano ukitarajia MBR igeuke GPT ni kutwanga maji kwenye kinu, na mbaya zaidi ni kwamba maji yenyewe ni mafaili ya mtu.

Kuna mwenye atasema, "lakini mimi hufuta partisheni zote na inakubali." Ndio, inakubali, na ni kwa sababu kufuta si kufomati. Ukifuta zote hadi diski ibaki nafasi tupu, na umebuti kwa UEFI, Windows yenyewe inaitengeneza upya kuwa GPT. Ama unabonyeza Shift na F10, unaandika diskpart, unachagua diski, clean (hiyo inafuta diski nzima), convert gpt, umemaliza. Sawa kabisa kwa diski isiyo na kitu. Lakini huyu mama D yake, partisheni ya pili, ilikuwa na mitihani ya miaka sita na picha za mazishi ya babake, na clean haikuulizi mara mbili. Hiyo amri niliwahi kuiandika nikiwa nimechagua diski namba 1 badala ya 0, ilikuwa diski ya nje ya mteja, na sitaki kuongea zaidi juu ya hiyo siku.

Mimi nilifanya nini? Nilizima, nikawasha, nikabonyeza F12 tena (Dell na ThinkPad ni F12, HP mara nyingi ni F9) na nikaangalia ile menyu ya kuchagua pa kubutia polepole. Flashi yangu iko hapo mara mbili. Jina ni lile lile, lakini moja iko kwa kichwa cha Legacy na ingine kwa kichwa cha UEFI. Watu wanadhani ni mashine imechanganyikiwa, ama wanachagua yoyote kwa sababu "si flashi ni moja?" Flashi ni moja, milango ni miwili, na mlango uliopitia ndio unaamua Windows itadai diski ya aina gani. Ukiingilia UEFI itadai GPT. Ukiingilia Legacy itadai MBR, na ukiipatia GPT itakataa vilevile, na ujumbe wake uko tofauti kidogo tu, ndio watu wanasema "ni ile ile erro." Si ile ile! Soma.

Diski ya mama ilikuwa MBR tangu zamani, kwa hivyo nikaingilia Legacy, nikachagua C peke yake, D sikuigusa, na Windows 10 ikaingia bila maneno. Ukiacha betri ndogo ya saa, hakuna kitu nilinunua. Mitihani yote iko.

Na tafadhali msinielewe vibaya nikiwa nasema GPT, juu kuna kundi lingine sasa, la vijana wametazama video mbili, wanageuza kila diski kuwa GPT ati ndio ya kisasa. Nyingi ya zile za prosesa ya Core 2 Duo, zile laptopu za mitumba za 2007, 2008, hazina UEFI ya maana, kwa hivyo ukiwekea Windows diski ya GPT huko umejifungia nje ya nyumba. MBR haina ubaya wowote kwa diski ya 320 GB. Shida yake inakuja ukipita terabaiti 2, na hizo mashine zetu zinapata wapi diski ya terabaiti 2? Swali si gani ni bora, swali ni zinalingana ama hazilingani.

Flashi yenyewe nayo. Ukitumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kubuti, kuna pahali unachagua MBR ama GPT, na ukichagua GPT inatengeneza flashi ya UEFI, ukienda nayo kwa mashine ya Legacy haitabuti na utasema flashi ni feki. Na kama unakopi ISO (faili lenye Windows nzima) kwa mkono kwa flashi ya FAT32, faili moja haiwezi kuzidi GB 4, na install.wim, lile faili kubwa ndani yake, za siku hizi zinazidi. Hapo tu.

Zingine nazipitia haraka. Windows 7 ikisema inataka draiva ya CD na hakuna CD, mara nyingi flashi iko kwa pota ya bluu ya USB 3.0, ambayo hiyo Windows haiijui, hamishia kwa nyeusi. Kosa la 0x80070570 katikati ya kukopi, badilisha flashi kwanza, ikirudi toa ramu moja moja, na usiku uwachie memtest, programu ya kupima ramu, ifanye kazi. Windows 11 toleo la 24H2 kwa Core 2 Duo usijaribu hata na ujanja wa rejista, prosesa haina amri ya POPCNT na haitabuti, hapo ndio unaweza kusema kwa haki kwamba mashine ni nzee. Kwa deskitopu ukizima CSM (sehemu ya biosi inayoruhusu Legacy) na kadi ya skrini ni ya kale unaweza kubaki na skrini nyeusi tii, usipige mtu simu, rudisha biosi kama ilivyokuwa.

Sasa kuna mambo sijatulia nayo. Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mashine ya mama, i5 ya kizazi cha tatu, haiko kwa orodha ya Windows 11, orodha inaanzia kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Naweza kuilazimisha, nimelazimisha nyingi, lakini Microsoft hawaahidi apdeti kwa mashine kama hiyo na mimi ndio nitapigiwa simu ikikwama usiku wa kuamkia mitihani. Nilimuonyesha mama Linux Mint, akaipenda, kisha akauliza kama Word ya shule itafunguka vile ilivyo na majedwali yake, na hapo sikuwa na jibu la kifua mbele. Nikamwekea 10, nikamwambia ajiandikishe kwa zile apdeti za nyongeza zinazoenda hadi Oktoba 2026. Sina uhakika nilimshauri vizuri.

Na nikisema ukweli wote, sijui hata kama ilihitaji Windows mpya. Diski ni ile ya kuzunguka, SMART yake (ripoti ya afya ya diski) ni safi lakini iko polepole kama matatu ya saa kumi na moja jioni. Pengine SSD, diski isiyozunguka, peke yake ingetosha na haya yote yasingetokea.

Kitu kimoja nilibadilisha ni betri ya saa, ile CR2032. Tarehe ilikuwa imerudi 2012. Hiyo ikiisha, na betri kubwa pia ni mbovu, ukichomoa chaja biosi inasahau kila kitu, inaweza kurudi kwa mlango mwingine, na kesho yake inakuambia hakuna diski ya kubuti. Mteja anasema Windows imejifuta, fundi anafomati, na tunaanza upya.

Nimebandika karatasi chini ya mashine ya mama, na kalamu ya maka: LEGACY. MBR. D INA MITIHANI. Fundi utakayeifungua baada yangu, isome kabla hujabonyeza F12.