Buti la sivi jointi: mpira wa kuangalia kabla hujatoka Mwanza

Mara ya kwanza kuambiwa "bosi, buti limechanika" katika gereji moja ya Nyakato, nilizunguka nyuma ya gari nikafungua sehemu ya mizigo. Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. Buti alilokusudia liko uvunguni: mpira mweusi wenye mikunjo kama kodiani, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, umebanwa kwa klipu mbili za chuma.

Kazi yake ni kufunika sivi jointi, yaani kiungo kinachoruhusu shafti ipinde huku ikizungusha tairi. Gari zinazovutwa na tairi za mbele, kama IST na Vitz zilizojaa mjini hapa, zina shafti mbili zinazotoka kwenye gia boksi kwenda kuzungusha tairi. Kila shafti ina jointi ya ndani, upande wa gia boksi, na ya nje, upande wa tairi. Kwa hiyo mabuti ni manne. Ya nje ndiyo huchanika mara nyingi zaidi, kwa kuwa hupinda kila unapokata kona.

"Sivi" ni herufi CV, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwendo usiobadilika. Tairi la mbele lina kibarua kigumu: lizunguke, likate kona, na lipande na kushuka na mashimo, yote kwa wakati mmoja. Jointi ya msalaba, ile unayoiona kwenye shafti ndefu ya lori, ikipinda hubadili kasi. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Ingefungwa tairi za mbele, usukani ungekutetemekea kila kona. Mhandisi Alfred Rzeppa alilitatua hilo miaka ya 1920 kwa gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji iliyopinda, na jointi ya nje ya gari nyingi bado ina umbo hilohilo.

Gololi hizo zinaishi ndani ya grisi. Buti linaizuia isitoke na linazuia mchanga usiingie, basi. Likipasuka, mzunguko wa tairi huirusha grisi nje, halafu vumbi na maji huchukua nafasi yake, na jointi inaanza kujisaga. Mpira wenyewe si ghali. Ukiupuuza, unakuja kununua jointi, wakati mwingine shafti nzima.

Kuligundua hakuhitaji mashine. Egesha sehemu tambarare, kata usukani mpaka mwisho, zima gari, vuta breki ya mkono, kisha chuchumaa na tochi ya simu. Angalia kwanza upande wa ndani wa rimu. Grisi iliyorushwa huacha mstari wa matone meusi mazito, kama masizi yaliyokorogwa na mafuta, na mara nyingi yamefika hadi kwenye shokapu. Kisha panua mikunjo ya buti kwa vidole, moja baada ya nyingine, maana ufa hupenda kujificha bondeni mwa mkunjo. Ukikuta majimaji mepesi karibu na gia boksi, hiyo ni sili, mpira wa kuzuia mafuta ya gia boksi, inayovuja, ugonjwa mwingine kabisa; usikubali kuuziwa buti.

Baada ya macho, masikio. Tafuta uwanja, kata kona mpaka mwisho na uendeshe polepole kwa duara, kulia halafu kushoto, vioo vikiwa wazi. Ukisikia ka-ka-ka-ka inayokwenda na mwendo wa tairi, jointi ya nje imeshalika. Ya ndani husema tofauti: gari hutetemeka ukikanyaga mafuta na hutulia ukiachia.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Kama buti limechanika lakini jointi iko kimya na grisi iliyobaki haina mchanga, badilisha buti na grisi. Kama inalia, buti jipya halitaiponya. Wapo mafundi watakaokuambia wafunge nailoni na mpira wa baiskeli. Mimi nimefungiwa hivyo na nikafika nyumbani Igoma salama, lakini nisingeenda nayo Musoma, zaidi ya kilomita 200.

Kazi yenyewe ni ya saa chache kwa fundi mzoefu. Nati kubwa ya hab, yaani kitovu cha tairi, hulegezwa tairi likiwa bado chini, ndipo gari lipigwe jeki na kuwekwa stendi. Boli jointi, kiungo kinachoshikilia hab kwa chini, inaachanishwa, shafti inachomolewa kwenye hab, jointi inatolewa. Simama hapo uangalie. Jointi ioshwe mpaka chuma king'ae, ikaushwe kabisa, kisha gololi zizungushwe moja moja. Vishimo vidogo kwenye mifereji maana yake imekwisha. Grisi iwe ile ya sivi jointi, yenye molibdenamu, ambayo kwa kawaida huja kwenye pakiti pamoja na buti. Fundi akichota ile ya kopo la kila kazi, mzuie. Klipu ziwe mpya, na kabla ya kubana ya mwisho hewa itolewe ndani ya buti ili lisivimbe.

Zamani, msafiri wa Geita au Bukoba alikuwa na muda wa kukagua tairi akingoja kivuko cha Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 unavuka bila kusimama, kwa hiyo kituo ujipangie mwenyewe. Ukielekea Musoma, simama Magu. Kata usukani, acha breki zipoe kwanza maana diski inaunguza, kisha pitisha kidole ndani ya rimu. Kikitoka na vumbi kavu tu, endelea.