Mwili uliozoea pombe

"Daktari, mimi chang'aa hainilewishi siku hizi. Mwili umezoea."

Aliniambia hivyo mvuvi mmoja kutoka Dunga, ameegemea kaunta ya duka langu la dawa hapa Kisumu, pakiti ya sigara ikichungulia mfuko wa shati. Alisema kwa fahari. Mimi nilishtuka, kwa sababu najua kuzoea huko kunatoka wapi. Sehemu yake iko ubongoni. Sehemu nyingine iko kwenye ini, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Ini huvunja pombe kwa vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemikali mwilini. Kwanza inageuzwa kuwa asetaldehaidi, halafu asetati. Hiyo asetaldehaidi hushambulia DNA, na ni mojawapo ya njia ambazo pombe, iliyotangazwa tangu 1988 kuwa kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu, huleta saratani hiyo. Hili wengi wamelisikia.

Wasilolisikia ni habari ya kibarua wa ziada. Mtu akinywa kila siku, kazi inazidi, na ini linaongeza kimeng'enya kingine kiitwacho CYP2E1. Watu waliojitolea kwa utafiti walipewa gramu 40 za pombe kwa siku, yaani kama chupa mbili za bia za nusu lita. Baada ya wiki moja tu kimeng'enya hicho kilikuwa kimepanda, na kikaendelea kupanda hadi wiki ya nne. Chupa mbili! Hapo hatujafika kwa chang'aa.

Sasa, kibarua huyu hachagui mzigo. Moshi wa sigara una nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani, ambazo zikiingia mwilini huwa kama zimelala. Haziwezi kuidhuru DNA mpaka kimeng'enya kizibadilishe. CYP2E1 ni hodari sana kwa kazi hiyo. Mwili unakusudia kuzivunja uzitoe, lakini kinachozaliwa katikati ya safari ni kikali kuliko kilichoingia. Na kimeng'enya hiki hakiongezeki kwenye ini peke yake, bali hata kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ileile inayopitisha pombe, na saratani ya umio inatusumbua sana huku magharibi mwa Kenya.

Saa nazo zina maana. Pombe ikiwa bado kwenye damu, kibarua ameshughulika nayo, kwa hiyo nitrosamini nyingi zinalipita ini na kufika viungo vingine, umio ukiwemo. Pombe ikiisha usiku, vibarua wamejaa na hawana kazi. Ile sigara ya kwanza ya asubuhi inawakuta hivyo, tayari kuziamsha nitrosamini zake.

Aflatoksini, sumu ya mahindi yenye ukungu, huamshwa zaidi na vimeng'enya vingine, lakini kinachoizima ni glutathioni, kitu ambacho mwili hutengeneza kuzima sumu, na unywaji wa miaka huipunguza glutathioni hiyo. Kwa hiyo mahindi yaliyooza yasipelekwe kwenye busaa eti yataiva huko. Kuchemsha hakuiondoi aflatoksini.

Parasetamoli nayo hupitia mlango huohuo. CYP2E1 hugeuza sehemu yake kuwa sumu, na glutathioni ya kuizima ni kidogo. Ndiyo maana mzee akiniomba vidonge vya kichwa namuuliza kwanza anakunywa kiasi gani, hata kama anaona nimemkosea adabu.

Ukiacha pombe, CYP2E1 huanza kushuka ndani ya siku chache. Ila mtu anayetetemeka asubuhi asipokunywa asiache ghafla akiwa peke yake; apitie hospitali kwanza, maana kuacha hivyo kunaweza kumletea degedege.

Yule mvuvi alikuwa amekuja kununua dawa ya kiungulia. Nikamuuliza, "Mzee, ugali unashuka vizuri?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku hizi lazima asukume kila tonge kwa maji. Dawa sikumuuzia. Nilimwandikia karatasi aende akaangaliwe umio kwa kamera, nikampigia mwanawe simu nikiwa bado naye pale kaunta.