Tovuti ya nafasi za kazi: anza na majedwali, kisanduku cha kutafutia kitafuata

Binti wa jirani yangu alikuja nyumbani na kompyuta mpakato na swali moja: "Kaka, nataka mtu akiandika mwalimu na kuchagua Dodoma, zitoke nafasi za ualimu za Dodoma tu. Nijifunze lugha gani?" Kwa miezi kadhaa alikuwa anakusanya matangazo ya kazi kwenye kundi la WhatsApp, na kila siku watu walimwuliza kitu alichokwisha kukituma wiki iliyopita. PHP, lugha ya kuandikia tovuti, alikuwa anaijua kidogo, na MySQL, programu ya hifadhidata, alikuwa ameiweka mwenyewe. Nikamwambia, mdogo wangu, lugha uliyonayo inatosha, nionyeshe jedwali lako.

Lilikuwa na safu tatu: kichwa, maelezo, tarehe. Mwajiri, mkoa, mshahara na kiwango cha elimu vyote vilikuwa vimesongamana ndani ya maelezo, jinsi vilivyonakiliwa kwenye tangazo. Nimefanya kazi ya hifadhidata muda mrefu na hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwa wanaoanza. Kompyuta haiwezi kukuchujia kwa mkoa kama mkoa hukuutenga. Jambo ambalo mtafutaji ataliuliza peke yake, lipe safu yake peke yake. E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipoandika mwaka 1970 kuhusu kupanga data katika majedwali yanayohusiana, alisisitiza hilo: kila chumba cha jedwali kibebe thamani moja tu.

Tulianza na mkoa. Kwenye matangazo yake Dar es Salaam ilikuwa pia Dar, DSM na D'Salaam. Kwa binadamu ni mji mmoja, kwa MySQL ni miji minne. Kwa hiyo mkoa haukuandikwa tena kwa mkono. Tulitengeneza jedwali la mikoa, lenye mistari 31 ya Tanzania, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, na anayeingiza tangazo anachagua kwenye orodha. Anayejenga tovuti ya Kenya ataweka kaunti 47 kwa namna hiyohiyo.

Kisha likaja tangazo la madereva wa Dodoma, Singida na Tabora kwa pamoja. Akataka kuandika mikoa yote mitatu kwenye chumba kimoja na kuitenganisha kwa mkato. Nikamzuia. Nafasi moja inaweza kuwa na mikoa mingi na mkoa mmoja una nafasi nyingi, kwa hiyo kunahitajika jedwali la katikati, tukaliita nafasi_mikoa, ambalo kila mstari wake unabeba namba ya nafasi na namba ya mkoa. Tangazo lile likachukua mistari mitatu humo. Wanaoanza huona jedwali la katikati kama usumbufu, lakini ukilielewa hili, sehemu kubwa ya kubuni hifadhidata umeshaielewa.

Tarehe nazo alikuwa ameziweka kama maandishi: 28/02/2024, 05/03/2024. Ukipanga maandishi, 05 inatangulia 28, na Machi inakuja kabla ya Februari. Tukabadilisha safu iwe ya aina ya DATE, ambayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Hapo ukiilinganisha na tarehe ya leo, nafasi iliyopitwa na wakati inajiondoa yenyewe kwenye matokeo. Ni jambo la utu pia: mtu anaunga bando la shilingi mia tano atafute kazi, si haki alipofika akute mlango umefungwa tangu wiki jana. Angalia na saa ya seva. Seva nyingi za nje huenda kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo tangazo lililokwisha usiku wa manane litaendelea kuonekana hadi saa tisa usiku.

Sasa kutafuta kwenyewe. Yeye alikuwa ametumia LIKE '%mwalimu%', yaani leta kila tangazo lenye herufi hizo popote ndani yake, na kwenye majaribio ilifanya kazi. Nikamwambia atafute tangazo lililoandikwa "Walimu wa sayansi wanahitajika". Halikutoka. Akigeuza na kuandika walimu, matangazo ya aina zote mbili yanatoka, kwa sababu neno mwalimu limebeba walimu ndani yake. Kwa muuguzi na wauguzi hata hilo halipo. Na alama ya asilimia iliyowekwa mwanzoni ina gharama yake: faharasa ya hifadhidata imepangwa kama kamusi, kwa herufi ya kwanza. Ukiificha herufi ya kwanza, MySQL inalazimika kusoma kila mstari. Kwa matangazo mia mbili hutaona tofauti. Kwa laki mbili utaiona.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yatakuelekeza kwenye faharasa ya FULLTEXT, inayoorodhesha kila neno lililomo kwenye maandishi. Ni chombo kizuri, lakini kilifikiriwa kwa lugha nyingine. Kiingereza kikifanya wingi hubadilisha mkia wa neno, na nyota ya FULLTEXT (*), inayosimama badala ya herufi zozote, inawekwa mwisho tu. Kiswahili hubadilisha kichwa: mhasibu, wahasibu, mpishi, wapishi, dereva, madereva. Nyota ya mwisho haisaidii. PostgreSQL, hifadhidata nyingine ninayoipenda sana, inakuja na kanuni za kukata viambishi vya lugha nyingi, na Kiswahili hakimo. Halafu kuna hili: mtu akitafuta kazi za IT kwa FULLTEXT ya kawaida ya InnoDB, mfumo wa MySQL wa kuhifadhi majedwali, hapati kitu. Neno lina herufi mbili na kiwango cha chini ni tatu, na zaidi ya hapo "it" limo kwenye orodha ya maneno yanayopuuzwa.

Tulichofanya ni rahisi zaidi. Kila nafasi ina kada moja, kwa mfano uuguzi, na kuna jedwali la majina_kada linalobeba kila neno ambalo watu hulitumia kwa kada hiyo: muuguzi, wauguzi, nesi, manesi, nurse. Neno moja linaruhusiwa kuelekea kada kadhaa. Anayeandika fundi anaonyeshwa fundi umeme, fundi bomba na fundi magari, kisha anachagua mwenyewe. Swali lenyewe kwa hifadhidata, kwa lugha yake ya SQL, likawa hivi:

SELECT n.cheo, w.jina, n.mwisho_kuomba
FROM nafasi n
JOIN waajiri w ON w.id = n.mwajiri_id
JOIN nafasi_mikoa nm ON nm.nafasi_id = n.id
JOIN majina_kada mk ON mk.kada_id = n.kada_id
WHERE mk.neno = ? AND nm.mkoa_id = ?
AND n.mwisho_kuomba >= CURDATE()
ORDER BY n.mwisho_kuomba
LIMIT 20

Weka faharasa kwenye neno, mkoa_id na mwisho_kuomba. LIMIT 20 ni kwa ajili ya wenye simu ndogo.

Zile alama za kuuliza ndizo ninazozisisitiza kuliko kitu kingine chochote humu. Yeye alikuwa anaunganisha neno la mtafutaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Tulijaribu kutafuta Nyang'hwale, wilaya ya mkoani Geita, na ukurasa ukavunjika papo hapo, kwa sababu ritifaa ile (alama ya ') ilifunga maandishi katikati ya amri. Murang'a ya Kenya ingefanya vilevile. Mwizi hutumia mwanya huohuo, ila yeye baada ya ritifaa huandika amri yake mwenyewe, na anaweza kusoma au kufuta jedwali zima. Kwa PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, unatumia prepare, kisha execute, na neno la mtafutaji linachukuliwa kama data tu, si sehemu ya amri. Usiruke hatua hii hata kwenye tovuti ya kujifunzia.

Alitaka pia watu wapakie wasifu wao na nakala za vyeti. Nikamwomba asubiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kutunza vyeti vya watu ni dhamana. Kwa sasa tovuti inaonyesha njia ya kuomba na mwombaji anawasiliana na mwajiri mwenyewe. Tangazo linalodai hela ya fomu au ya usaili haliingii kabisa.

Jedwali la mwisho tuliloongeza linaitwa utafutaji_mtupu. Kila neno lisiloleta matokeo linaandikwa humo pamoja na tarehe, bila jina la mtu. Jumatatu asubuhi analisoma, na kama neno lina kada yake, analiongeza kwenye majina_kada. Wiki ya kwanza neno lililojirudia sana lilikuwa "saidia fundi". Kada hiyo hatukuwa nayo kabisa. Akaiweka siku hiyohiyo, kisha akaanza kuwapigia mafundi ujenzi anaowafahamu kuwauliza kama wana nafasi za kutangaza.